Joto la Chatu wa Mzee Ken

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja la mbao karibu na stesheni ya Doonside, mahali ambapo upepo wa Juni, mwezi wa baridi kali huku ughaibuni, unapita bila kubisha hodi. Mwaka ule wa corona, serikali ilipolegeza kamba na watu wakaruhusiwa kukusanyika nje wachache wachache, wenye benchi walirudi, kila mtu na kikombe chake cha nyumbani. Thamosi ilikuwa ya Fiacre, Mrundi waliyemwita Profesa kwa sababu neno "sijui" halijawahi kumtoka mdomoni. Pembeni yake alikaa Mbuvi, Mkenya, mlinzi wa maduka, jina la kijiweni Komando. Wa tatu ni Lazare wa Uvira, ambaye asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anachungulia barabara, anakaa tena.

— Lazare, tulia basi, unatutia kizunguzungu, alisema Profesa.

— Nitatulia namna gani? Ile nyoka itanifia mikononi!

Siku tisa nyuma, jirani yake mzee Ken alianguka bafuni akavunjika nyonga. Walipokuwa wanampakia kwenye ambulensi, alimshika Lazare mkono, akamtilia funguo kiganjani na kusema maneno matatu tu: "Keep Doris warm," yaani Doris asipate baridi. Doris alikuwa chatu wa mita mbili, akiishi sebuleni ndani ya kabati la kioo. Tangu mkewe afariki, mzee Ken hakuwa na mwingine wa kusema naye.

Kwa mtu mwingine Lazare angekataa. Kwao nyoka akiingia nyumbani hajadiliwi, anapigwa. Lakini Ken ndiye aliyewapeleka yeye na mkewe Ange hospitali usiku wa uchungu wa kumzaa binti yao Vanessa, wakati wao hawana gari wala Kiingereza cha kuita teksi. Kwa hiyo kila alfajiri akitoka ghala la Ingleburn, ambako alikuwa anapakia maboksi ya karatasi za chooni kwa double shift, zamu mbili mfululizo, Lazare alifungua nyumba ya Ken, akaongea na Mungu kidogo, kisha akaingia.

— Sasa iko na shida gani? Komando aliuliza.

— Tangu Jumanne imelala ndani ya sinia ya maji, haitoki. Ikitoka, inasukuma kioo na pua, inasukuma, mpaka mdomo umechubuka. Ken nampigia, simu imezimwa. Wamempasua, na kutembelea wagonjwa hawaruhusu.

— Baridi hiyo, buda. Si uliona barafu kwa magari leo? Msee wa Queensland huyo, kule kwa joto, hajazoea.

— Nilijua ni baridi! Ndiyo maana taa ya joto nimeiacha inawaka. Juzi nikaongeza blanketi juu ya kabati. Jana nikaongeza ya pili.

— Ongeza chupa ya maji moto, alisema Profesa akimimina kahawa. Wahenga walisema, maji ya moto hayachomi nyumba.

— Nimeweka mbili.

— Voilà. Basi umefanya nusu. Nyoka damu yake ni ya maji, haina chumvi. Mpe maziwa ya vuguvugu yenye chumvi.

— Wee Prof, maziwa? Komando akaruka. Mimi kazini niliona video ya nyoka, sijui documentary. Hawa hulala miezi mitatu. Huyo anataka shimo! Mchimbie shimo hapo uani, mfunike na mchanga, mwezi wa tisa unamfukua akiwa fresh. Haraka haraka haina baraka.

— Nimzike nyoka ya mtu akiwa hai?

— Sio kuzika. Ni kuhifadhi.

— Hapana, Profesa alikata. Nyoka huyo anaomboleza. Anamtafuta mwenye nyumba. Lazare, vaa koti la Ken, vaa kofia yake, ukae mbele ya kioo na umsomee gazeti kwa Kiingereza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kwa lafudhi hii yangu?

— Nyoka hana masikio, hatajua.

— Sasa kama hana masikio namsomea nini?

Komando alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lazare hakucheka. Alikuwa amesimama tena, funguo za Ken zikilia mfukoni. Alikuwa anafikiria atakavyomweleza mzee yule, akirudi na fimbo yake, kwa nini kabati ni tupu.

Kwenye ukuta mfupi nyuma yao alikuwa amekaa mama mmoja mwenye sare ya kutunza wazee, mfuko wa chakula mapajani, akingoja treni. Hakuna aliyekuwa amemsalimia. Akasema kwa Kiswahili cha kule kule kwao Maziwa Makuu:

— Samahani, kaka zangu. Huyo nyoka, usiku wake unaanza saa ngapi?

Wote watatu waligeuka.

— Usiku si ni usiku, mama, Komando akajaribu.

— Huku nje, ndiyo. Mle ndani ya kioo, je?

Lazare alihesabu kwa vidole, polepole. Kisha akakaa chini.

— Hauanzi, alisema. Taa haijazimwa siku tisa.

— Kule kazini, alisema yule mama, taa ikisahauliwa ikiwaka kwenye chumba cha mzee, mzee halali. Anatembea, anasukuma milango. Ukiongeza na hita, anavua nguo. Mimi nyoka simjui. Lakini anayekaa ndani ya maji, sidhani anasikia baridi. Mle ndani hamna kipimajoto?

Vilikuwepo, kimoja kila upande. Lazare ndiye aliyevifunika na blanketi.

Treni ilipoingia, mama alishika njia yake, na Lazare akashika yake mbio hadi kwa Ken. Aliondoa blanketi, akatoa chupa, akafuta mvuke kwenye kioo. Upande wa taa ulisoma nyuzi arobaini na tatu. Upande uliopaswa kuwa na ubaridi, thelathini na nane. Alizima taa, akakaa kwenye kiti cha Ken bila kuvua koti. Thelathini na tano. Thelathini na moja. Jua lilipokuwa linazama nyuma ya mapaa, sindano ilishuka hadi ishirini na sita, na Doris akatoka majini, taratibu, akajikunja juu ya gogo lake, kichwa juu ya mwili, akatulia. Lazare alilia, na hakujua ni uchovu au ni nini.

Jumatatu Ken alipiga simu, na Lazare akamweleza jinsi Doris alivyozidiwa na joto mpaka yeye akazima taa.

— Mchana upande wa taa thelathini na mbili, upande wa pili ishirini na sita, alisema mzee kwa sauti iliyolegezwa na dawa. Usiku unazima taa, unawasha kile kipasha joto kidogo cha chini, kinashika ishirini na mbili chenyewe. Nilidhani unajua, rafiki yangu.

— Ken, sisi kwetu hatuwafugi. Tunawakimbia.

Mzee alicheka, akaguna kwa maumivu, akacheka tena.

— Sasa nani alikwambia uizime?

Lazare alimweleza habari za mama wa stesheni.

— Anaitwa nani? Nataka kumshukuru.

— Jina sikumwuliza, alisema Lazare.

Jumamosi iliyofuata alikuja kijiweni na kikombe cha ziada. Profesa aliapa yule mama ni wa Bujumbura, anafanya kazi Quakers Hill. Komando akaapa ni wa Bukavu, na treni yake ilikuwa ya upande wa pili. Walibishana mpaka thamosi ikakauka. Na kila treni iliposimama, Lazare alisimama.