Vidole vya Dobi

Kitendawili! Mihuri kumi tumezaliwa nayo, na hakuna mwenye mihuri inayofanana na ya mwenzake. Mmeshindwa? Ni alama za vidole.

Kwenye basi la uwanja wa ndege, kondakta alitega sikio. Dobi mmoja alikuwa akimwonyesha jirani yake pasipoti mpya.

“Mashine ilikataa vidole vyangu, dada. Sabuni ya miaka thelathini imevilamba! Wiki sita sikufua, nikawa navipaka mafuta kama mtoto mchanga, mpaka mistari ikarudi. Binti yangu anajifungua ugenini, nisifike?”

“Hongera, dada! Wewe ni chuma. Na nguo za watu alifua nani?”

Dobi akacheka tu. Basi liliposimama ndipo akajibu: “Baba yake huyo binti. Ndiyo maana nasafiri peke yangu, sasa mashine inakataa vidole vyake.”