Taji la Boksi la Biskuti

Benchi liko nje ya kibanda cha fundi cherehani, limeegemea ukuta wa upande wa kivuli, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Wenyewe ni watatu. Fundi wanamwita Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kunawa, na kwa sababu hujigamba kwamba mtu akikata kona tu pale kwenye nguzo, yeye ameshajua kiuno chake. Breki aliendesha lori mpaka magoti yakagoma. Kengele alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hadi leo ukichelewa kufika benchini atakuuliza ulikuwa wapi. Kahawa huletwa na mama wa nyumba ya pili, birika moja tu, na ikiisha kila mtu akatafute kwake.

Siku hiyo Futi hakukaa. Alimwaga gunia mbele ya benchi: trei za mayai, pakiti za maziwa zilizosuuzwa, vizibo vya soda, vipande vya vitambaa, na boksi kubwa la biskuti. Kesho yake binti yake alikuwa anatimiza miaka saba. Mtoto alikuwa amemsubiri usiku mmoja bila kulala, jambo la ajabu, maana Futi hutoka nyumbani mtoto amelala na hurudi amelala. Akamwambia kwamba kwenye sherehe yake hataki mapambo ya dukani, anataka aliyotengeneza baba. Na taji. Futi alikubali palepale, halafu hofu ikamwingia. Nguo za mtaa mzima zimepita mikononi mwake, lakini binti yake hakuwahi kumwomba kitu. Aliona kwamba akiharibu hiki hataombwa tena.

Breki alisukuma trei moja kwa ncha ya kiatu.

— Hizi si taka, Futi?

— Mapambo hayo. Subiri yapate mkasi.

Kengele akameza funda la kahawa, akaanza kufundisha. Alisema ameona miaka yote darasani kwamba mtoto hupenda boksi kuliko kilichomo ndani. Mnunulie mdoli, kesho mdoli yuko mvunguni na boksi ndilo linachezewa. Kitu cha dukani, alisema, kimeshaamua chenyewe kuwa ni nini, lakini boksi linamwachia mtoto aamue. Futi aliyapenda maneno hayo, yakampa moyo wa kukaa chini na kuanza kukata.

Breki hakukubali. Kwake yeye siri ni mlango. Boksi lina pa kuingilia na pa kutokea, na binadamu, mdogo kwa mkubwa, anataka kupanda kitu aende zake.

— Sasa sikia. Unganisha maboksi, tupate lori. Watoto wote wanapanda.

— Wamealikwa kula keki, hawakualikwa kusafirishwa, Kengele akasema.

— Honi ninayo nyumbani. Ile ya lori langu la mwisho. Tunaifunga pale mbele.

— Honi ile si ndiyo uliyokuwa unafukuzia ng'ombe barabarani?

— Basi hakuna mtoto atakayesinzia.

Kengele alilidharau lori, lakini wazo lake nalo halikuwa mbali na hilo. Alianza na vizibo vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye waya, ili kila mtoto apate njuga. Kutoka njuga akafika kwenye bendi, bendi ikazaa gwaride la kuzunguka mtaa, na gwaride likahitaji hotuba ya ufunguzi, ambayo kwa bahati nzuri alikuwa nayo tayari kichwani. Breki akasema kwa kelele hizo itabidi trei za mayai zipigiliwe ukutani, majirani wasisikie, na zitakazobaki zipande darini ziwe mbingu, kila kishimo na nyota yake.

Futi aliwaacha waendelee. Trei zilikuwa zinageuka maua mkononi mwake, pakiti za maziwa zikitobolewa madirisha ziwe nyumba ndogondogo, vitambaa vikishonwa kwenye uzi mrefu wa kutanda ukutani. Taji aliliweka mwisho, kwa sababu ndilo alilotajiwa kwa jina. Alilikata boksi la biskuti meno meno, akalizungushia karatasi za chokoleti zinazong'aa, akalitia lesi kwa chini. Akalijaribu kichwani kwa Breki. Akalijaribu kwa Kengele. Kisha akapunguza kwa makadirio, akazishona ncha mbili zikakutana, wote watatu wakakubaliana kwamba kazi imekamilika.

Wakati huo mama mmoja aliyehamia mtaani juzi alikuwa amesimama pembeni na pazia la kupunguza. Alikuwa akiyaangalia yale maua kwa furaha ya kweli.

— Taji zuri, fundi. La nani?

— La binti yangu. Kesho bethidei yake.

— Mmepima kwa kichwa cha nani?

Breki akagusa chake, akacheka kidogo.

— Na cha mtoto kikoje?

Mama yule aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Futi akainua mikono amwonyeshe. Akaiweka hewani, akaisogeza karibu, akaitanua, akaisogeza tena. Alikikumbuka kichwa kile kilipokuwa kinaenea kwenye kiganja kimoja. Alikumbuka sare ya shule aliyoishona bila kumpima, kwa maneno ya mama mtu, kubwa makusudi, ili asilazimike kuirudia mapema. Kati ya hapo na leo hakuwa na kitu cha kuonyesha. Kengele alitazama ndani ya kikombe. Breki alijishughulisha na kamba ya kiatu.

— Sijui, Futi akasema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo juu ya kipimo chochote. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona uchungu, maana viuno vya watu wasiomhusu alivijua vyote. Akafumua ule mshono, taji likalala bapa kama mkanda. Akamwomba mama yule radhi, pazia lingoje. Akachukua sindano na uzi, akapachika taji kwapani, na kahawa yake akaiacha inatoa moshi.

— Kesho nije na honi? Breki akauliza, kwa sauti ya chini.

— Njoo wewe. Honi iache.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali. Binti yake alifungua mlango, akamwangalia, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu aliyemsindikiza.

— Baba, unaumwa?

— Siumwi, mama. Nimekuja kukupima.

Mtoto akavua kitambaa cha kichwa haraka, akasimama wima mbele ya baba yake, mikono kando, kidevu juu, vilevile wanavyosimama wateja.