Katibu Aliyemtoa Mwenyekiti Nje

Tarehe 30 Juni katibu wetu anastaafu, baada ya kututunza sisi wadhamini kwa miaka ishirini na sita. Nasema kututunza, maana nyumba ya kulelea watoto aliyoiacha marehemu mkunga haikumpa taabu. Taabu ilikuwa watu wazima watano tuliokabidhiwa kuisimamia.

Alikuja msichana mwembamba, sauti ndogo, viatu vikubwa. Tukadhani tumepata mtu wa kutuandikia na kutuchemshia chai. Chai yenyewe mpaka leo hajui. Anatunywesha maji ya kuogea. Lakini kikao cha kwanza tu alitukalisha akatueleza kwamba nyumba si yetu, ni ya watoto, sisi tumeishika tu; kwamba mdhamini hawezi kumtuma mwenzake akamfikirie; na kwamba tukiharibu, sote tutajibu mbele ya hakimu. Tangu siku hiyo mfamasia, mdhamini mwenzetu, aliacha kusinzia vikaoni. Karibu aache.

Mwaka mmoja mwenyekiti wetu, mjenzi mwenye roho nzuri na mdomo mtamu, alitaka shemeji yake apangishwe vyumba viwili vya mbele auzie matairi. Kodi nono, alisema. Watoto wangesogezwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, wachanga kwa wakubwa. Nasi tulikuwa tumeshaanza kutikisa vichwa kukubali.

Katibu akamwomba mwenyekiti atoke, kwa kuwa jambo linamhusu shemeji yake. Mwenyekiti akacheka. Katibu hakucheka. Alisimama ameshika kitasa mpaka mzee wa watu akatoka, akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yanamgusa kidevu.

Ndani tukaulizwa mmoja mmoja, sisi wadhamini wanne tuliobaki. Mfamasia akasema yeye yuko na wengi. Dereva akasema yuko na wengi. Mshonaji naye vivyo hivyo. Nami, msemaji kuliko wote, nikasema niko na wengi.

"Kila mtu yuko na wengi, jamani," katibu akasema. "Hao wengi wenyewe wako wapi?"

Kisha akatuhamishia kikao chumba cha nyuma, akafunga mlango. Joto likatushika, miwani ya mfamasia ikaingia ukungu, na ghafla kila mtu akawa na sauti yake na sababu yake. Hapana, hapana, hapana. Mimi nilisema hapana na maneno mengine ambayo katibu alikataa kuyaandika.

Tulipotoka, mwenyekiti alikuwa na kitoto kimemlalia kifuani, mate yanateremka kwenye tai. Katibu akamwinamia, akamnong'oneza uamuzi. Mwenyekiti, asije akakiamsha, akanong'ona naye: "Basi shemeji mtamwambia ninyi."

Tukaenda kumwambia, wote wanne, katibu akituchunga kwa nyuma asipotee hata mmoja.

Asubuhi hii vyumba vile vya mbele vimejaa watoto, madirisha wazi, kelele mpaka barabarani. Hao ndio wanaokuaga, katibu, ingawa hawajui.

Ahsante kwa kutusumbua, mwanangu. Sasa nenda ukaamue mambo yako peke yako, bila kumuuliza mtu wala kumngoja mwenye usingizi. Tunakuombea siku njema, ndefu, zisizo na kikao.