Bwana Afya na Matonge Tisa

Bwana Sedekia Mwakalinga, Bwana Afya wa soko na hoteli za Mbeya, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1956, baada ya miaka ishirini na minne kazini. Wenye hoteli wamenituma mimi, Bibi Tusajigwe mpika ndizi, niseme neno la kumuaga. Watajuta.

Alianza Iringa mwaka 1932, kazi ya kumwaga mafuta kwenye madimbwi ya mbu. Mwaka 1938 akaletwa Mbeya. Mbu wakaisha, tukabaki sisi.

Mtu huyu alitusumbua. Alifunua kila sufuria, akanusa, akatazama kucha za mpishi kama anayechagua mke. Halfani, mpika pilau, aliwahi kumficha paka nyuma ya gunia la mkaa. Paka akapiga chafya. Sedekia akawatoa nje wote wawili wakaoge.

Lakini lililotuuma zaidi ni kwamba hakula kwetu hata siku moja. Mchana alikaa peke yake akafungua kopo la viazi vya mkewe, Tekla. Ukimkaribisha, anajibu, “Mkono uliochovya mchuzi wako, Bibi, kesho utaona haya kuumwaga.” Yeye aliona ni haki. Watu wa sokoni waliona vingine: “Bwana Afya mwenyewe hali, humo mna nini?” Wakanunua ndizi mbivu, wakala huku wanatembea. Hoteli mbili zikafungwa, na yangu ilikuwa njiani.

Basi mwaka 1953 sisi wa hoteli tisa tuliobaki tukafanya karamu uwanja wa mpira, mchana kweupe, kila mmoja na sufuria yake, mji mzima uonje. Mji ukaja. Ukasimama. Chakula kinafuka, hakuna anayenyoosha mkono. Macho yote kwa Sedekia, na kopo lake kwapani.

Chiku wa maharage akaanza kulia. Mimi sikwenda pale kulia. Nilimfuata Sedekia, nikamnyang'anya kopo, nikala viazi vyote mbele ya watu. Vilikuwa vizuri; Tekla hana kosa.

“Bibi, umenimalizia chakula!”

“Basi una njaa. Nenda kanawe.”

Akanawa hadi viwikoni. Akapita sufuria hadi sufuria, tonge moja kila mahali, matonge tisa, asije akaambiwa anapendelea. Halfani alimpakulia mnofu wa kumziba mdomo. Akaukata kwa kisu, akala kipande kisichozidi tonge la kwa wengine. Umati ukamfuata kama nyuki, na kila alipomeza, mikono ikaingia. Saa tisa tulikuwa tunakwangua ukoko.

Jumatatu iliyofuata asubuhi akaja kwangu, akanusa, akamwaga mchuzi wangu wa jana mlangoni, wateja wanaona. Nilimtukana yeye na ukoo wake hadi maneno yakaniishia. Nilipogeuka, hakuna mteja aliyeondoka. Walikaa wakangoja nipike mwingine, na tangu siku ile benchi langu halijapoa.

Asante, mwanangu. Umetukera, na kwa kutukera umetulisha sisi na watoto wetu. Rudi kwenu Rungwe kwa amani, ulale hadi jua likuchome, ugombane na mbuzi wako badala yetu. Maisha yawe mema kwako na kwa Tekla. Bwana Afya mpya tumeshamwona: anacheka na wapishi. Njoo siku moja umfundishe kununa.