Shangazi Saba na Bibi Harusi

Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja fundi cherehani alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, mwalimu mstaafu, habari za harusi ya bintiye mdogo, iliyofanyika Jumamosi. Mimi nilikuwa nimefungua gazeti, lakini ukurasa sikuugeuza.

"Bwana harusi ameshafika, bibi harusi analia, hajui hata analilia nini," alisema mama huku akicheka. "Shangazi zake saba wamemzunguka, kila mmoja na pole yake. Ndipo akaingia binti yangu mkubwa, mwenye usonji, akatutoa chumbani sote, hata mimi niliyeshona gauni. Akamwuliza mdogo wake swali moja tu, 'Unataka kulala chini?' Baada ya nusu saa tunachungulia, wote wawili wamelala chali sakafuni, gauni na vyote, wanacheka hadi machozi."

Mwalimu alikunja uso. "Ila wenye usonji, nasikia, hawahisi uchungu wa mwenzao. Hata machoni hawakutazami."

"Shangazi saba walimtazama machoni, mwalimu, naye akazidi kulia."

"Huenda binti alitaka kukomesha kelele zenu tu, kwa ajili yake mwenyewe."

"Alijua zinavyouma, ndiyo maana akamwondolea mdogo wake. Wewe kiu ya mwenzako umeijulia wapi, kama si kooni mwako?"

Mwalimu, aliyesahihisha watu miaka arobaini, alifungua kinywa kujibu. Treni ikasimama, na hicho kilikuwa kituo chake, akashuka. Kupitia dirisha nilimwona ameinua kidole, anaendelea kubishana peke yake, huku tabasamu limemtoka bila ruhusa.