Neno kwa Neno: Kumuaga Mkalimani wa Mahakama Yetu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkalimani wetu anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, karani wa masjala niliyekaa naye chumba kimoja, niandike wasifu wake, uwe mfupi na wa kuchangamsha. Nitaanza kwa kuchangamsha. Baadaye wasomaji wanivumilie, kwa sababu si yote yaliyompata yanachekesha, na mwenyewe ameniambia, "Ukiandika, andika yote. Usinipake poda."

Mawakili wanamwita Bi Neno-kwa-Neno. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza, pale shahidi mmoja alipoongea na kuongea huku akipunga mikono, na hakimu, ambaye njaa ilikuwa imeshamkamata, akamwomba mkalimani afupishe. Akajibu kwa adabu zote, "Mheshimiwa, yeye hakufupisha, nami sina ruhusa hiyo." Siku ile chakula cha mchana kililiwa jioni.

Halafu kuna kesi ya jogoo. Mlalamikaji alieleza jinsi jogoo wake alivyopiga kelele akiibiwa, tena akaiga. Mkalimani akasimama, akaweka sawa mtandio wake, akaiga vilevile, kwa sauti ileile, uso mkavu. Askari wa mlangoni alitoka nje akijishika mbavu. Mshtakiwa naye alicheka hadi ulimi ukamteleza: "Ndiye! Ndiye huyohuyo!" Kesi ikaishia hapo.

Kwa wasiojua kazi hii, mkalimani wa mahakama hasemi "huyu bwana anasema kwamba". Anasema "mimi". Shahidi akisema "nililala", naye anasema "nililala". Anakuwa mdomo wa yule aliyesimama kizimbani, awe mwizi, awe mjane, awe mtoto. Alipoanza, wanaume wengi waligoma. Mzee mmoja aligeukia ukuta kabisa: "Mimi sisemewi na mwanamke." Hakimu akamwambia achague kusemewa au kunyamaza, mzee akachagua kusemewa. Baada ya kesi alimfuata mkalimani kwenye korido akiwa amefadhaika. "Binti, nikiyasema mwenyewe naona nina haki. Ukiyasema wewe, mbona nasikia kama nina makosa?" Hakuwa amebadilishiwa hata neno moja.

Lakini mashauri ya kuku ni machache. Yaliyojaza siku zake ni ya ndoa, mirathi na watoto. Kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, alisema, "Nilimpiga kwa sababu ni mke wangu." Alisema, "Nyumba ni ya ukoo, huyu alikuja kuolewa tu." Kisha anageuka, na kwa sauti hiyohiyo anasema, "Naomba niachiwe hata chumba kimoja, mimi na wanangu." Siku za namna hiyo alirudi masjala, akakaa akitazama dirisha, nasi tukajifunza kutomsemesha mpaka aanze yeye.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa na sura hiyohiyo. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa utani na wa mkono mwepesi kutoa. Walizaa binti, kisha mvulana. Siku moja madereva wenzake walikuwa na kesi hapa, wakamsikia mkewe akisema mbele ya watu, "Nilikuwa na wanawake wawili, na wote niliwapenda." Wakapeleka kichekesho hicho kwenye yadi ya malori, kikamchoma mwenzao hadi mfupani. Akarudi nyumbani na sharti: kazi au ndoa. Mkewe alimbembeleza kwa miezi. Kazi hakuiacha. Mume akawachukua watoto, akawapeleka kwa dada yake mkubwa katika mji mwingine, akafungua shauri la kupewa malezi.

Aliletwa hakimu mgeni, na kwa kuwa mkalimani hawezi kujitafsiria, aliwekwa kijana ambaye Bi Neno-kwa-Neno mwenyewe alimfundisha kazi. Wifi yake, yule dada wa mume, alisimama kutoa ushahidi kwa lugha ya nyumbani. Aliongea kwa ukali. Kijana alimsikiliza, akamwangalia mwalimu wake aliyekaa kwenye benchi, na haya zikamshika. Akasema, "Namwona mama huyu ana shughuli nyingi, muda wa watoto ni mdogo."

Bi Neno-kwa-Neno akasimama. "Mheshimiwa, hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

Nilikuwepo, nimekaa nyuma na faili zangu mapajani. Alinyoosha mgongo kama siku zote za kazi, akasema, "Mwanamke huyu mdomo wake ni wa kila mwanaume anayepita mahakamani. Hajui kulea. Watoto hawa hawana mama. Nasema hivi mbele ya Mungu, na ninaomba wasirudishwe." Alipomaliza alikaa chini.

Hakimu alimuuliza maswali mengi. Anatoka kazini saa ngapi? Nani anapika? Nani anakaa na watoto wakiugua? Baba, ambaye mwezi mzima hulala barabarani, hakuulizwa hata moja kati ya hayo. Kila mtu chumbani alijua kwamba atakayelea ni dada yake, na hakuna aliyeona ajabu. Watoto walipewa baba.

Siku ile nilimuuliza kwa nini hakumwacha kijana alegeze maneno. Alikuwa akifunga mkoba wake. "Nikinyamazia hili kwa sababu linaniuma mimi," akasema, "kesho nitamsemea nani?" Jumatatu alikuwa kazini.

Nafasi ya mkalimani mkuu ilitangazwa mara tatu katika utumishi wake, na mara zote tatu alipewa mwanaume, wawili kati yao wakiwa wanafunzi wake. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba mkuu husafiri, na yeye ana mume na watoto wadogo. Mara ya pili na ya tatu, watoto wakiwa wameshachukuliwa, aliambiwa kwamba mkuu anatakiwa awe mtu aliyetulia, mwenye familia. Alinisimulia hili akicheka. Nami nilicheka, kisha wote wawili tukaacha.

Kila likizo alipanda basi kwenda kuwaona wanawe. Mara nyingine alifunguliwa, mara nyingi aliambiwa getini kwamba wametoka, huku akisikia sauti zao ndani. Zawadi alimwachia jirani. Miaka ikaenda. Binti alipokuwa mkubwa kiasi cha kuja getini mwenyewe, alikuja mara moja, akasema, "Usirudi tena," akafunga. Mama hakuelewa kosa lake, na hakuna aliyemweleza.

Mwaka juzi, asubuhi ya kazi ya kawaida, nilimwona mwanamke kijana amekaa benchi la nyuma la chumba namba mbili. Baadaye nilijua ni binti wa Bi Neno-kwa-Neno, amekuja mjini kwa shughuli zake, akapita tu kumtazama mama yake bila kujitambulisha. Kizimbani alikuwepo mume aliyemvunja mkewe mkono. Bi Neno-kwa-Neno akasimama na kusema, "Nilimvuta, akaanguka. Alinijibu vibaya. Mimi ni mwanaume, siwezi kujibiwa hivyo ndani ya nyumba yangu." Yule mwanamke wa benchi la nyuma akashika mdomo, akatoka. Nikamfuata kwenye korido nikidhani anaumwa.

Hakuwa mgonjwa. Aliniambia kwamba tangu utotoni shangazi yao amewaeleza yeye na mdogo wake kuwa mama yao alisimama mwenyewe mbele ya hakimu, akatamka kwa mdomo wake kwamba watoto hawa hawana mama na wasirudishwe. Watu wazima waliokuwepo mahakamani wote walithibitisha, maana ni kweli waliyasikia kwake. "Kumbe alikuwa anasema ya mtu mwingine," akasema. "Kumbe ndivyo wanavyofanya."

Mama alipotoka chumba namba mbili, binti alimwita "mama" katikati ya korido, mawakili wakipita. Bi Neno-kwa-Neno alisimama kama hajasikia. Ilibidi aitwe tena. Kisha wakakaa kwenye ngazi za nje mpaka walinzi walipofunga mageti, na yale waliyosemezana sikuyasikia wala sikuyauliza.

Mwezi uliopita, kwenye chai, karani mmoja mgeni alisema kwamba mambo ya mfumo dume ni hadithi za zamani, kwani leo hakimu mfawidhi wetu ni mwanamke na tuna bango la usawa ukutani. Bi Neno-kwa-Neno alimpenda yule karani, na hakumkaripia. Alimwambia tu, "Hakimu amebadilika, mwanangu, nami nashukuru Mungu nimemwona. Lakini maneno ninayoyatafsiri ni yaleyale. Njoo kesho chumba namba mbili, keti usikilize." Alikwenda. Aliporudi hakunywa chai yake.

Wapo wakalimani wengi katika mahakama za wilaya waliopita mikononi mwake, na wote wana tabia moja inayowaudhi mawakili: hawafupishi. Wapo pia wanawake wengi ambao hawajui jina lake, ila wanajua kwamba siku waliposimama kizimbani, walisikika kama walivyosema. Kwa hayo yote, kwa niaba ya mahakimu, makarani, walinzi na wafagizi, tunasema asante.

Kuanzia mwezi ujao atahamia kwa binti yake, ambako kuna mjukuu wa kike anayejifunza kuongea. Mtoto wake wa kiume bado anaamini aliyoambiwa. Dada yake amemweleza mara nyingi, naye hujibu kwamba watu wote waliokuwepo hawawezi kuwa waongo. Amealikwa. Mama ameiomba kamati iweke viti viwili vya familia mstari wa mbele, na tumeviweka. Kimoja kina mwenyewe.

Mama yetu, nenda salama. Tunakutakia afya, usingizi mzuri na nyumba yenye kelele za watoto, na kile kiti cha pili hatutakiondoa mpaka sherehe iishe.