Mvua ya Lindolfo

Basi la kwenda mji wa Arcoverde lilikuwa njiani redio ilipotangaza kwamba Lindolfo Aroeira, mwimbaji, amefariki. Dereva akaongeza sauti, maana baada ya tangazo ulifuata ule wimbo wake wa mvua.

"Huyu alianza na akodiani kwenye harusi za watu," muuza jibini akamwambia msusi aliyekaa kando yake. "Akaishia kwenye kumbi za Sao Paulo. Na yote kwa sababu ya mkewe, aliyemtoroka mvua ikimwagika."

"Mwanamke gani asiye na haya, kaka? Mume anakuimbia, wewe unafunga mizigo."

"Pengine nyimbo hazikujaza sufuria."

"Angevumilia. Wenzake tunavumilia wasiojua hata kupiga mluzi."

Nyuma yao Bibi Iracilda alikuwa akimenya chungwa. Wimbo ule alikuwa ameusikia miaka arobaini, sokoni na kanisani, bila kumwambia mtu neno. Akalimaliza chungwa lake, akaomba kushuka.

Basi likasimama. Msusi akavuta miguu yake ili apite. "Na wewe, mama, wasemaje? Si alimkosea mwenzake?"

"Mwaka ule haikunyesha hata tone," alisema Iracilda, akishuka. "Mbuzi wetu walikufa wote."